UZI: Wekeni pembeni Carter wa Ikulu, mjueni Carter wa spana na nyundo

Spana ya Pete (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, alipofariki tarehe 29 Desemba 2024, akiwa na miaka 100, mitandao yetu ilijaa mambo mawili: mateka wa Kimarekani walioshikiliwa Iran na mkataba wa amani wa Camp David kati ya Misri na Israel. Si vibaya. Ila mtu huyu alikaa Ikulu miaka minne tu. Miaka mingine 96 alikuwa wapi, na anafanya nini?

Hoja yangu naiweka mapema ili atakayebisha abishe akijua anabisha nini. Naona Carter alikuwa fundi wa nyambizi tangu kijana hadi kaburini, na kila alichofaulu baadaye alikifanya kwa kanuni za kule chini ya maji. Hata alichofeli kilitokana na hulka hiyohiyo.

Kazaliwa 1 Oktoba 1924, Plains, kijiji cha kusini mwa jimbo la Georgia, Marekani, watu mia kadhaa tu. Baba mkulima na mfanyabiashara, nyumba haina umeme hadi Jimmy alipokuwa kijana. Aliingia chuo cha maafisa wa jeshi la wanamaji pale Annapolis, akamaliza 1946. Julai ya mwaka huohuo akamwoa Rosalynn, binti wa kijijini kwao.

Akaenda kwenye nyambizi. Hizi za zamani, za dizeli na betri, unalala pembeni ya torpido na harufu ya mafuta inakuganda hadi kwenye mkate. Nyambizi yake ya kwanza iliitwa USS Pomfret. Usiku mmoja wa dhoruba huko Pasifiki, mwanzoni mwa 1949, alikuwa zamu ya juu, kwenye daraja (jukwaa la kuongozea chombo). Wimbi likapanda, likamng'oa pale aliposhika. Akaelea ndani ya wimbi, halafu maji yaliposhuka akajikuta amekumbatia mtutu wa mzinga, mita kadhaa nyuma ya pale alipokuwa amesimama. Nyambizi ingekuwa imegeuka kidogo tu kwa pembe nyingine, angeangukia baharini, usiku, dhoruba, na tusingekuwa na uzi huu.

Naendelea, naandaa sehemu ya pili.

Mzee wa Kenchi

Niko siti ya mbele mkuu. Ila usituletee habari za Wikipedia, shusha nondo za kazi yenyewe.

Bibi Mizania

Nasubiri. Na huyo Rosalynn usimpitie juu juu, nawajua wanaume wa jukwaa hili.

Spana ya Pete

Bibi, Rosalynn anakuja, tulia.

SEHEMU YA PILI: KINU CHA CHALK RIVER

Mwaka 1952 Carter alihamishiwa mradi wa Hyman Rickover. Rickover alikuwa ofisa aliyezaliwa Poland, mfupi, mkali kama pilipili kichaa, ndiye aliyesukuma hadi Marekani ikapata nyambizi ya kwanza ya nyuklia duniani. Kila ofisa aliyetaka kuingia alimhoji mwenyewe. Carter alikaa naye zaidi ya saa mbili. Mwishoni akaulizwa alishika nafasi ya ngapi chuoni. Akajibu kwa kifua mbele: ya 59 kati ya watu 820. Rickover hakupongeza. Akamuuliza kama kweli alijitahidi hadi mwisho wa uwezo wake. Kijana akataka kusema ndiyo, akakumbuka mambo fulani, akakiri hapana. Rickover akamtazama kwa muda, akauliza "Kwa nini?", akageuza kiti chake. Mahojiano yakaishia hapo. Kazi akapata.

Sasa njooni Kanada. Tarehe 12 Desemba 1952, kinu cha nyuklia cha utafiti kiitwacho NRX kule Chalk River, jimbo la Ontario, kiliharibika. Fimbo za kudhibiti, zile za kuzima kinu, hazikushuka inavyotakiwa, waendeshaji wakapishana maelekezo, nguvu ikapanda ghafla, sehemu ya fueli ikayeyuka. Ghorofa ya chini ikajaa mamilioni ya lita za maji yenye mionzi. Hiyo ni ajali kubwa ya kinu miaka 33 kabla ya Chernobyl.

Wakanada walihitaji watu wanaokijua kinu na wanaoruhusiwa kukikaribia kinu. Wakati huo watu wa namna hiyo walikuwa wachache mno. Carter, luteni wa miaka 28, akapelekwa na kikosi cha watu ishirini na ushei kutoka Schenectady, New York.

Hapa wahandisi wa jukwaa hili nawaomba msome taratibu. Tatizo lao lilikuwa hivi: mtu anaweza kukaa karibu na kiini cha kinu kama dakika moja na nusu tu, basi, ameshakula dozi yake. Katika dakika moja na nusu unafungua nati ngapi? Ukiangusha spana je? Ukisahau upande wa kugeuza je?

Walichofanya: wakajenga kinu cha mfano, kinachofanana na kile kilichoharibika, juu ya uwanja wa tenisi uliokuwa jirani. Wakafanya mazoezi pale, watatu watatu, wamevaa mavazi ya kinga, spana ileile, ngazi ileile, saa inahesabu. Kisha wanaingia ndani kweli, wanafungua kile walichopangiwa, wanatoka mbio. Kila bolti iliyotoka ndani, mtu wa nje anaitoa pia kwenye kinu cha mfano, ili timu inayofuata ikute mfano uko sawasawa na uhalisia wa dakika ile.

Mionzi waliyokula ni ya kiwango ambacho leo hakuna shirika lingekiruhusu. Kwa miezi sita walikuwa wakipeleka mkojo na choo vipimwe. Carter mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mkojo wake ulionyesha mionzi muda wote huo. Hata hivyo kinu chenyewe kilitengenezwa kikarudi kazini.

Nyundo Kilo Tano

Hiyo ya kung'oa bolti kwenye mfano kila inapong'oka ndani imenifunga mdomo. Kule tunakofanya matengenezo ya mitambo tuna mchoro ukutani wa mwaka wa uhuru na hakuna anayejua mabomba yalibadilishwa lini. Hawa walikuwa wanasahihisha mchoro kila dakika mbili.

Kamba Nanga

Nimehudumu majini, sitasema wapi. Ngoja nirekebishe jambo moja kabla halijasambaa: watu wanapenda kusema Carter alikuwa "nahodha wa nyambizi ya nyuklia". Siyo. Nyambizi aliyokuwa anaandaliwa, Seawolf, ilikuwa bado inajengwa alipoacha jeshi. Hakuwahi kusafiri na nyambizi ya nyuklia akiwa ofisa wake. Na "mhandisi wa nyuklia" nayo ina maswali, maana pale chuo cha Union College alisoma kozi za fizikia na teknolojia ya vinu, hakuchukua shahada.

Spana ya Pete

@Kamba Nanga uko sahihi kwa yote mawili, na asante. Kwenye kampeni yeye mwenyewe alijitambulisha kama mwanafizikia wa nyuklia na mkulima wa karanga, wapinzani wakamshika hapohapo. Mimi namwita mhandisi kwa sababu ya kazi ya mikono na hesabu aliyoifanya Chalk River. Cheti ni mjadala mwingine.

Na ona hii. Miaka 26 baadaye, 28 Machi 1979, kinu cha Three Mile Island huko Pennsylvania kikapata hitilafu. Wananchi wanakimbia kwa magari. Tarehe 1 Aprili rais akafika mwenyewe na mkewe, wakavaa viatu vya plastiki vya njano juu ya viatu vyao, wakaingia hadi chumba cha kuongozea mitambo. Washauri walikuwa wanahangaika. Yeye alikuwa ameshaingia kwenye kinu kilichoharibika, na spana mkononi.

SEHEMU YA TATU: KURUDI KIJIJINI

Mwaka 1953 baba yake akaugua saratani ya kongosho. Jimmy akapewa likizo, akakaa kando ya kitanda. Watu wakawa wanabisha hodi mlangoni, weusi kwa weupe, kila mmoja na habari yake: mzee alinisamehe deni la mbegu, mzee alimnunulia binti yangu nguo ya mahafali, mzee alitulisha mwaka ule wa njaa. Mwana alikuwa hajui hata nusu ya hayo. Aliandika baadaye kwamba alijiuliza, mimi nikifa kama admirali, nani atabisha hodi?

Akajiuzulu Oktoba 1953.

Rosalynn alikasirika hasa. Alikuwa ametoroka Plains, amekaa Hawaii, amezoea uhuru wake, leo anaambiwa turudi kijijini tukaishi jirani na mama mkwe. Njia nzima ya kurudi, hakusema na mumewe, akawa anawatumia watoto kupeleka ujumbe.

Wakafikia nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini. Mwaka wa kwanza ukame, faida ya mwaka mzima haikufika dola 300.

Bibi Mizania

Nilijua! Na ndiye aliyeshika vitabu, sivyo?

Spana ya Pete

Ndiye. Alianza kwa kusaidia siku moja kwa wiki kwenye ghala la karanga, akajisomea uhasibu, na baada ya muda ndiye aliyekuwa anamwambia mume biashara ipi inaleta hela na ipi inakula hela. Carter mwenyewe alikuwa anasema hivyo. Kwa hiyo Bibi umeshinda.

Kujitolea kulianzia hapo, siyo baada ya urais kama watu wanavyodhani. Bodi ya shule ya wilaya ya Sumter, bodi ya hospitali, maktaba, klabu ya Lions. Vikao vya jioni visivyo na posho. Na Georgia ya miaka ya hamsini si mchezo: mahakama kuu imepiga marufuku ubaguzi mashuleni 1954, wazungu wakaanzisha mabaraza ya kuupinga uamuzi. Plains walimfuata Carter ajiunge, ada dola tano tu. Akakataa. Wakarudi wakasema tutakulipia ada sisi wenyewe. Akakataa tena. Wakasusia ghala lake kwa muda.

Sitamfanya malaika. Mwaka 1970 alipogombea ugavana aliwabembeleza wapiga kura wa kibaguzi kwa namna iliyowaumiza marafiki zake weusi, halafu siku ya kuapishwa akasimama akatangaza kwamba zama za ubaguzi zimekwisha. Kila mtu apime mwenyewe.

Mzee wa Kenchi

Twende kwenye nyumba mkuu, mimi ni seremala, hiyo ndiyo sehemu yangu.

Spana ya Pete

SEHEMU YA NNE: NYUNDO

Januari 1981 anatoka Ikulu, ameshindwa vibaya uchaguzi na Ronald Reagan, umri miaka 56. Anakuta biashara ya karanga, aliyokuwa ameikabidhi kwa mdhamini, ina deni linalozidi dola milioni moja. Mawaziri na wasaidizi wake walikuwa wamechanga hela za zawadi ya kumuaga, na wakasikia anataka vifaa vya karakana. Kwa hiyo rais mstaafu akarudi Plains na mashine za useremala. Akajenga vitanda, viti, makabati. Baadhi yaliuzwa kwenye minada kuchangia kituo chake cha Carter Center, kinachoshughulika na amani na afya. Kanisani kwake, Maranatha, alitengeneza hata sahani za mbao za kukusanyia sadaka.

Jirani yake, maili chache tu pale Americus, kulikuwa na shirika la Habitat for Humanity. Mwanzilishi wake, Millard Fuller, alikuwa mwanasheria milionea aliyegawa mali yake, akaenda Mbandaka, Zaire, tangu 1973 hadi 1976 kujenga nyumba za watu wa kawaida. Aliporudi akaanzisha shirika kwa kile alichokijaribu Kongo: nyumba ya kawaida, mkopo usio na riba wala faida, na mwenye nyumba anashika nyundo mwenyewe kwa mamia ya saa. Wazo lile lilianzia hapohapo Georgia, kwenye shamba la Koinonia, likapelekwa Afrika. Majaribio yake makubwa yalikuwa kwenye kingo za mto Kongo.

Septemba 1984 Carter na Rosalynn wakapanda basi na wajitoleaji wenzao, saa nyingi hadi New York, wakalala kwenye vitanda vya ghorofa vya kanisa, wakaanza kukarabati jengo bovu la ghorofa sita huko Lower East Side. Paa hakuna, ngazi zimeoza, ndani wavuta bangi na moto wa kuni. Wakarudi mwaka uliofuata. Baada ya hapo ikawa wiki moja kila mwaka, miaka zaidi ya thelathini: Ufilipino, Korea Kusini, Durban mwaka 2002, India, Haiti.

Mzee wa Kenchi

Swali la fundi. Alikuwa anafanya kazi kweli au anapigwa picha na msumari mmoja? Tunawajua wanasiasa wetu na sepetu za uzinduzi.

Spana ya Pete

Swali zuri. Waliofanya naye wanalalamika kinyume chake. Alikuwa hapendi kusimamishwa kwa picha, alianza asubuhi mapema, na mtu akikaa kupiga soga karibu yake anatazamwa kwa yale macho ya Rickover. Rosalynn naye alikuwa anapiga misumari, siyo kugawa chai.

Julai 2017, Winnipeg, akiwa na miaka 92, aliishiwa maji mwilini juani akaanguka, akapelekwa hospitali. Kesho yake karudi saiti. Oktoba 2019 akaanguka nyumbani, akashonwa nyuzi 14 juu ya jicho, jioni hiyohiyo yuko Nashville na jicho jeusi, asubuhi anajenga vibaraza. Miaka 95. Kwa hesabu za Habitat, miradi hiyo ya kila mwaka ilijenga au kukarabati nyumba zaidi ya 4,000 katika nchi 14.

Mzee wa Kenchi

Nimesalimu amri.

Mto Nzoia

Salamu kutoka Kenya. Ndugu, umeruka jambo linalotuhusu zaidi. Mnyoo wa Guinea. Wazee wa Turkana na wa kaskazini mwa Uganda wanaujua vizuri kuliko wanavyoijua Camp David.

Spana ya Pete

Sijauruka, ndiyo sehemu ya tano, na ndiyo kubwa kuliko zote.

Kwa wasioujua: unakunywa maji ya dimbwi yenye viroboto vidogo vya maji, ndani yake kuna mabuu. Mwaka mzima husikii kitu. Mnyoo unakua mwilini hadi kufika kama mita moja, kisha unatoboa ngozi, mara nyingi mguuni, taratibu, wiki kwa wiki, na unachoma kama moto. Mgonjwa anakimbilia kuloweka mguu kwenye maji apoe. Hapo mnyoo unamwaga mabuu mapya dimbwini. Mzunguko umefungwa. Dawa hakuna. Chanjo hakuna. Unauviringisha kwenye kijiti, sentimita chache kwa siku, na usiukate.

Mwaka 1986 wagonjwa walikadiriwa milioni 3.5 katika nchi 21 za Afrika na Asia. Uganda peke yake, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilihesabu zaidi ya 120,000 kwa mwaka.

Sasa mtazame fundi, maana Carter Center ndiyo iliyoongoza kampeni ya kuumaliza. Huwezi kuutibu mwili, basi unakata mzunguko mahali pamoja, popote pale. Kitambaa cha kuchujia maji, kilichofumwa kwa nyuzi zisizooza haraka. Kimrija chenye chujio cha kuvaa shingoni kwa wafugaji wanaonywea njiani. Dawa ya kuua viroboto dimbwini. Mtu wa kijiji anayehesabu wagonjwa kila mwezi na kuwazuia wasiingie majini. Hakuna kifaa hata kimoja cha ajabu hapo. Kazi yote ni nidhamu ya kuhesabu, kijiji kwa kijiji, miaka na miaka. Ndiyo ileile ya Chalk River: usipojua bolti gani imetoka leo, kesho timu inaingia gizani.

Na alitumia ujeshi wake pia. Alipohitaji watu wa kuzunguka vijijini alikwenda kwa wanajeshi wenzake waliotoka madarakani: Jenerali Yakubu Gowon kwa Nigeria, Amadou Toumani Touré kwa Mali.

Mwaka 1995, Sudan ikiwa vitani kaskazini na kusini, aliwashawishi pande zote mbili wanyamaze bunduki ili wahudumu wafike vijijini. Waliomba miezi miwili, wakapata karibu sita. Walipitisha vichujio vya maji, chanjo za watoto, na dawa za upofu wa mtoni. Kwa nijuavyo mimi, kusimamisha vita kwa ajili ya mnyoo ni jambo la peke yake.

Mto Nzoia

Sahihi. Na usisahau Nairobi, Desemba 1999, aliwaketisha Museveni wa Uganda na Bashir wa Sudan wakatia saini ya kutosaidia waasi wa upande wa pili. Haukutekelezwa wote, waasi wa LRA kaskazini mwa Uganda waliendelea kuua, lakini mabalozi walirudishwa baadaye.

Uganda ilipata cheti cha kumaliza mnyoo mwaka 2009, sisi Kenya 2018, Kongo 2022. Sudan Kusini bado wanapambana.

Spana ya Pete

Naam. Dunia nzima mwaka 2023 ilihesabu wagonjwa 14. Kumi na wanne, kutoka milioni tatu na nusu. Kinachosumbua sasa ni mbwa, hasa Chad na Kamerun, maana nao wanaubeba. Agosti 2015, kwenye mkutano na waandishi wa habari alipotangaza kwamba saratani imefika kwenye ubongo, alisema angependa mnyoo wa mwisho wa Guinea ufe kabla yake. Hilo hakulipata.

Kamba Nanga

Sasa mkuu umeahidi na alichofeli. Usikwepe Iran.

Spana ya Pete

Sikwepi. Aprili 1980, operesheni ya kuwaokoa mateka Tehran. Helikopta nane zilitumwa. Mpango ulisema zikibaki chini ya sita, tunaacha. Vumbi la jangwani na hitilafu zikabakiza tano. Wakaacha, na wakati wa kuondoka helikopta ikagonga ndege ya mizigo, wanajeshi wanane wakafa. Kwenye mkutano uleule wa 2015 aliulizwa nini angebadilisha maishani. Akasema angetuma helikopta moja zaidi. Watu ukumbini walicheka. Mimi sikuona cha kucheka, hilo ni jibu la mhandisi anayejua alipunja akiba.

Na Ikulu yenyewe ilimwendea vibaya kwa sababu ya umakini uleule. Alisoma kila karatasi, alisahihisha sarufi za memo. Aliyekuwa mwandishi wake wa hotuba alidai rais alikuwa anapitisha mwenyewe maombi ya kutumia uwanja wa tenisi wa Ikulu. Carter alikana. Lakini wote waliomjua walisita kidogo kabla ya kumwamini. Kwenye nyambizi, kukagua kila valvu kunaokoa watu. Bungeni kunawachosha.

Bibi Mizania

Viwanja vya tenisi vilimwandama huyu baba 😂

Nyundo Kilo Tano

Alizikwa wapi?

Spana ya Pete

Kwao Plains, 9 Januari 2025, kwenye eneo la nyumba yao, pembeni ya Rosalynn aliyemtangulia Novemba 2023. Nyumba hiyo walijenga 1961 na ndiyo waliyoishi hadi mwisho. Usifikirie jumba, ni ya kawaida, ghorofa hakuna.

Kamba Nanga

Ongezea na hii kwa vijana wa majini. Ndiye rais pekee wa Marekani aliyefuzu nyambizi, na kuna nyambizi yenye jina lake, SSN-23, iliyoingia kazini Februari 2005. Ni ya daraja la Seawolf, jina lilelile la ile aliyoiacha ikiwa kwenye karakana mwaka 1953. Wameirefusha kama mita 30 kuliko dada zake, na jeshi halisemi sana zile mita zinafanya nini.

Mzee wa Kenchi

Mkuu Kamba Nanga, hizo mita 30 unazijua wewe, fungua uzi wako hapo.

Kamba Nanga

Nimestaafu, mzee, sijachoka na pensheni yangu.